Jukwaa la Mwaka 1905 Halikuikwamisha Fulham

Tangu Jukwaa la Riverside la Craven Cottage, uwanja wa Fulham huko London, lifunguliwe lote mwaka 2025, mabishano ya vibanda umiza yamepata mada mpya. Upande wa mto Thames Fulham wana vioo, migahawa na bwawa la kuogelea juu ya paa. Upande wa barabara ya Stevenage wana jengo la matofali mekundu la mwaka 1905, viti vya mbao vya kukunja vya mwaka 1908, na nguzo za chuma zinazomficha mtazamaji kipande cha uwanja. Mtu anauliza mbona hawalibomoi, na mwenzake anamjibu kwamba serikali imeliorodhesha kuwa urithi, klabu imefungwa mikono, vinginevyo leo wangekuwa na uwanja wa watu 50,000. Kwamba limeorodheshwa ni kweli. Hayo mengine hayana msingi. Ukifuatilia historia ya jukwaa hilo utakuta kuorodheshwa kwake kuliisaidia Fulham kubaki na uwanja wakati ilipokuwa karibu kufutwa, na kwamba klabu jirani iliyobomoa jukwaa pacha la hilo ndiyo iliyokiona cha moto.

Fulham walihamia hapo mwaka 1896. Jukwaa lao la kwanza la mbao lilichekwa na mashabiki kwa jina la kibanda cha sungura, na mamlaka ya London haikuridhika na usalama wake. Wakati huohuo mfanyabiashara Gus Mears alikuwa na uwanja wa Stamford Bridge, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na akataka Fulham wawe wapangaji wake kwa pauni 1,500 kwa mwaka. Henry Norris, bosi wa Fulham, akakataa. Mears hakubembeleza. Machi 1905 akaanzisha klabu yake mwenyewe, ndiyo Chelsea. Norris akamwita mhandisi Archibald Leitch kutoka Glasgow amjengee jukwaa, na Mears akamwita Leitch huyohuyo. Matokeo yake, mwaka 1905 London magharibi ilipata majukwaa mawili ya ramani karibu moja, kila moja likiwa na kipembe cha paa katikati kama taji. Pacha hawa tuwaweke akilini, maana ndio ushahidi mkuu wa makala hii.

Leitch hakuanzia mpirani. Alikuwa mbunifu wa viwanda, vikiwemo vya chai kule Sri Lanka, na majukwaa yake yana akili ya kiwanda: chuma kilichounganishwa kwa ribiti, mbao juu yake, ukuta wa matofali kwa nje, kila kitu kwa bei ambayo klabu inaweza kulipa. Kabla ya Fulham alikuwa na doa zito. Tarehe 5 Aprili 1902, Skotlandi wakicheza na Uingereza pale Ibrox, uwanja wa Rangers huko Glasgow, sakafu ya mbao ya ngazi za kusimamia alizobuni yeye, iliyobebwa na fremu ya chuma, ilikatika baada ya mvua kubwa ya usiku uliotangulia. Watu 25 walifariki na mamia wakaumia. Mkandarasi wa mbao alishtakiwa kwa kutumia mbao hafifu, akaachiwa huru. Leitch alijifunza jambo moja ambalo lilibadilisha viwanja vya Uingereza: watu wanaosimama wawekwe juu ya tuta la udongo ulioshindiliwa, wasiwekwe juu ya mbao zinazoning'inia hewani. Mbao na chuma vibaki kwa watu waliokaa, ambao idadi yao inajulikana kwa kuhesabu viti. Nguzo zake nazo zina sababu. Paa lisilo na nguzo mbele linahitaji boriti nene zilizoshikiliwa kwa nyuma na uzito mkubwa, na nyuma ya jukwaa la Fulham kuna barabara. Kusimamisha nguzo mbele kulikuwa nafuu, na paa likakaa salama miaka 120.

Sasa tuwafuate pacha. Chelsea walibomoa la kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili wajenge Jukwaa la Mashariki, ghorofa tatu, lisilo na nguzo mbele. Lilifunguliwa Agosti 1974. Gharama zilikuwa zimepanda kupita makadirio, ujenzi ulichelewa, wachezaji wazuri waliuzwa, na msimu huohuo timu ikashuka daraja. Mwaka 1982 mfanyabiashara Ken Bates aliinunua klabu kwa pauni 1, lakini kampuni iliyomiliki ardhi ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa majengo, Marler Estates. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kuirudisha ardhi hiyo, na leo inamilikiwa na chombo cha mashabiki, Chelsea Pitch Owners, ambacho bila ridhaa yake klabu haiwezi kuiuza. Wanaojiuliza kwa nini Chelsea, pamoja na fedha zao zote, bado wanahangaika na suala la uwanja, chanzo kimoja kiko hapo: jukwaa la 1905 lililobomolewa kwa mkopo.

Marler Estates hawakuishia Stamford Bridge. Mwaka 1986 waliichukua Fulham, na mwanzoni mwa 1987 ukatangazwa mpango wa kuiunganisha na klabu jirani, Queens Park Rangers, ili Craven Cottage, ardhi ya kando ya mto katika mtaa wa wenye nazo, ijengwe nyumba za kuuza. Mashabiki waliingia uwanjani kupinga, ligi ikakataa muungano, na kundi lililoongozwa na mchezaji wake wa zamani, Jimmy Hill, likaiokoa klabu kama klabu, ingawa ardhi ilibaki kwa wenye majengo. Katika mwaka huo wa 1987 jukwaa na kijumba kilicho kwenye kona ya uwanja, vyote kazi ya Leitch, viliingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi kwa Daraja la II. Sitasema orodha peke yake ndiyo iliyoshinda vita. Halmashauri na mashabiki walipigana miaka kadhaa zaidi. Lakini fikiria hesabu ya mwekezaji. Kiwanja ambacho upande wake mzima hauwezi kuguswa bila kibali maalumu, na kona yake moja vilevile, ni kiwanja ambacho ramani ya nyumba haikai vizuri. Kila mwaka wa kuchelewa ni mwaka wa riba. Soko la nyumba lilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliokuwa na subira walikuwa mashabiki. Mwaka 1997 mfanyabiashara Mohamed Al-Fayed aliinunua klabu na ikawa na uwanja wa kuchezea.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo: kuorodheshwa maana yake nini? Uingereza ina daraja la I, II* na II, na zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yaliyoorodheshwa yako Daraja la II. Sheria ya mwaka 1990 haisemi jengo lisiguswe. Inasema mabadiliko yanayoathiri sifa zake za kihistoria, ndani au nje, yaombewe kibali kwa halmashauri, ambayo kwa kawaida inatakiwa kujibu ndani ya wiki 8. Kubadilisha ubao uliooza kwa ubao wa aina ileile, kipimo kilekile, kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kung'oa safu nzima ya viti vya 1908 na kuweka plastiki kunahitaji. Anayefanya bila kibali ametenda jinai, na adhabu inafika kifungo cha miaka miwili au faini isiyo na kikomo. Hata kubomoa kunaweza kuombewa. Ni kugumu, lakini mlango upo. Kitu ambacho orodha haileti ni pesa. Mwenye jengo hulitunza kwa mfuko wake, na hilo ni lalamiko la haki ambalo watetezi wa urithi hupenda kulipita haraka.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya majukwaa yaliyoorodheshwa inatoka Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, na haifai kukwepwa. Jukwaa la Mashariki la Arsenal, la mwaka 1936, liliorodheshwa Daraja la II mwaka 1997. Highbury ilikuwa imeshuka hadi viti 38,000 na kidogo baada ya sehemu za kusimama kuondolewa, nyumba za watu zikiubana uwanja kila upande, na orodha ikawa kufuli juu ya kufuli. Arsenal waliondoka 2006 kwenda uwanja wa viti 60,000. Jukwaa limebaki limesimama, ndani yake ni makazi, na palipokuwa na nyasi za mpira pana bustani. Jengo lilihifadhiwa, mchezo ukaondoka. Anayesema orodha inaweza kuifukuza klabu ana mfano halisi mkononi.

Tofauti ya Highbury na Fulham iko nyuma ya majukwaa mengine matatu. Arsenal hawakuwa na pa kupumulia hata kama jukwaa la mashariki lingefutwa kwenye orodha kesho yake. Fulham walikuwa na mto. Jukwaa la zamani la Riverside, la mwaka 1972, halikuwa na thamani ya kihistoria. Lilibomolewa 2019, na jipya likasogezwa hadi juu ya ukingo wa Thames, njia ya waenda kwa miguu ikapitishwa chini yake mahali ambapo zamani walilazimika kuuzunguka uwanja. Uwezo ukapanda kutoka 25,700 hadi karibu 29,000. Ingewezekana kufika 50,000 kama jukwaa la Leitch lisingekuwepo? Nyuma yake kuna upana wa barabara moja ya mtaa, halafu safu ya nyumba. Jengo refu hapo lingewazibia majirani mwanga, na kibali cha kawaida cha ujenzi kingekwama hata bila neno urithi kutajwa. Watu 50,000 pia wanahitaji kufika na kuondoka, na kituo cha treni kilicho karibu, Putney Bridge, kiko mwendo wa miguu kupitia bustani. Waliokuwa wakitaja 50,000 walikuwa wakihesabu viti bila kuhesabu miguu.

Halafu kuna hoja inayopendwa kuliko zote, nayo ndiyo dhaifu zaidi: kwamba jukwaa la mbao ni Bradford nyingine inayosubiri kiberiti. Tarehe 11 Mei 1985 moto uliteketeza jukwaa kuu la Bradford City na kuua watu 56. Ni msiba ambao yeyote anayeandika kuhusu viwanja lazima auheshimu, na namna ya kuuheshimu ni kujua ulitokeaje. Chini ya viti palikuwa na uwazi ambao takataka zilidondokea kupitia nyufa za sakafu, miaka na miaka. Baadaye lilipatikana humo gazeti la mwaka 1968. Kitu chenye moto kilidondoka hapo muda mfupi kabla ya mapumziko. Paa lilikuwa la mbao lenye tabaka la lami, likashika moto na kuurudisha joto chini kama mfuniko wa sufuria. Ndani ya dakika zisizozidi nne jukwaa lote lilikuwa linawaka. Waliokimbilia nyuma, kulikokuwa na mageti ya kuingilia, walikuta milango mingi imefungwa. Vizimamoto havikuwepo kwenye njia za kupita kwa hofu ya kuharibiwa na wahuni. Jukwaa lile halikuwa kwenye orodha yoyote ya urithi. Chuma cha kubadilishia paa kilikuwa tayari kimeletwa.

Ukiitazama orodha hiyo ya makosa, mbao ni moja tu, na ndiyo pekee ambayo haikuweza kuondolewa asubuhi ya mechi. Uwazi ungeweza kuzibwa, takataka kufagiwa, milango kufunguliwa na kuwekewa watu. Sheria ya 1987 iliyofuata ililazimisha majukwaa yenye paa ya watu 500 na zaidi kuwa na cheti cha usalama, na viwanja vikubwa vilikuwa tayari chini ya sheria ya 1975. Cheti hicho hakina uhusiano na urithi. Halmashauri inaweza kupunguza idadi ya watu jukwaani, hata kufika sifuri, na hadhi ya kihistoria haimpi mtu kinga. Hesabu yenyewe ni ya wazi. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya Uingereza huchukua kwamba katika ngazi watu 66 hupita kwa dakika kwa kila mita moja ya upana, na kwenye sakafu ya usawa watu 82. Jukwaa lenye hatari kubwa ya moto linapewa dakika 2 na nusu za kutoa watu. Lenye hatari ndogo linaweza kupewa hadi 8. Ngazi ya mita 1.2 basi hupitisha watu 79 kwa dakika, yaani 198 tu katika dakika 2 na nusu. Kama sehemu inayotegemea ngazi hiyo ina viti 300, kuna njia tatu: ongeza njia ya kutokea, punguza hatari ya moto ili upewe dakika zaidi, au funga viti 102. Jukwaa la kale likibaki wazi kwa watazamaji wa Ligi Kuu, maana yake mtu amepiga hesabu hizo na kutia saini.

Kinachoua majukwaa ya Leitch kwa kweli ni maji. Mifereji ya paa ikiziba majani, maji hufuata nguzo hadi chini, na pale nguzo inapozama kwenye zege ndipo kutu hukaa, kwa sababu rangi huishia juu ya sakafu na ufagio hauingii. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, hivyo huipasua zege inayoizunguka, ufa huingiza maji zaidi, na miaka kumi baadaye nguzo inayoonekana nzima imebaki ganda. Mbao huanza kuoza kwenye ncha za boriti zilizopachikwa ukutani. Unyevu ukipita asilimia 20 kuvu hupata makazi, na fundi hujua kwa kuchoma bisibisi: ikizama bila kusukumwa, boriti imekwisha. Kosa la tatu hufanywa na watu wenye nia njema. Wanaona chokaa kati ya matofali imelika, wanajaza saruji. Saruji haipumui, unyevu unakosa pa kutokea, unapitia kwenye tofali lenyewe, na baridi ikija uso wa tofali unabanduka. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe au Lamu anajua hadithi hii kwa jina lingine: ukuta wa mawe ya matumbawe ukipigwa plasta ya saruji, chumvi na unyevu huisukuma hadi ikadondoka vipande vipande. Dawa ni ileile kote, chokaa kwa chokaa.

Utunzaji wa namna hiyo hauna gharama ya kutisha kama ukifanywa kila mwaka. Hutisha ukiachwa miaka ishirini, na klabu hupenda kuuacha, kwa sababu jengo likishachakaa ripoti ya mhandisi huwa hoja ya kulibomoa. Orodha ya urithi inaondoa faida ya mchezo huo, na kwangu hilo ndilo jema lake kubwa kuliko picha za kumbukumbu.

Nguzo sitazitetea. Anayelipia kiti na kuona nusu ya goli ana haki ya kulalamika, na jibu la uaminifu ni kuuza kiti hicho kwa bei inayolingana na kinachoonekana. Lakini hoja ya mapato inahitaji kuangaliwa kwa makini. Jukwaa jipya la Riverside lilipokuwa likifunguliwa, tiketi za msimu za sehemu fulani zilifika pauni 3,000, na mashabiki wakaandamana. Klabu imehamishia wateja wake wa kifahari upande wa mto, na upande wa 1905, uliopewa jina la Johnny Haynes baada ya nahodha huyo wa zamani wa Uingereza kufariki mwaka 2005, ukabaki wa watu wanaokuja kutazama mpira. Huwezi kugeuza ghorofa ya mbao kuwa vyumba vya karamu, na kutoweza huko kumewalinda watu wengi ambao hawatajwi kwenye mjadala wa urithi.

Mambo haya yana uzito sasa kwa sababu kazi za Leitch zinapungua upesi. Hearts wa Edinburgh walibomoa jukwaa lao kuu mwaka 2017. Crystal Palace wana mpango wa kuligeuza la kwao la 1924. Manchester United walitangaza Machi 2025 kwamba wanataka uwanja mpya wa watu 100,000 kando ya Old Trafford, uwanja ambao Leitch aliuchora 1910 na mabomu ya 1941 yakavunja sehemu kubwa ya kazi yake. Kesi ya kufuatilia ni Goodison Park, uwanja wa zamani wa Everton. Everton ya wanaume walihamia Bramley-Moore Dock mwaka 2025, kwenye bandari ya kale ambayo maendeleo yake, uwanja huo ukiwemo, yalichangia Liverpool kuondolewa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021. Goodison ingevunjwa, lakini klabu ikabadili uamuzi na kuipa timu ya wanawake, pamoja na Jukwaa la Bullens Road la 1926 na ukingo wake wa vyuma vilivyopishana. Jukwaa hilo halimo kwenye orodha ya urithi. Timu ya wanawake inaweza kuhitaji viti vya chini tu kwa mechi nyingi, na ghorofa ya juu isiyokaliwa ndiyo ambayo hakuna mtu anayepanda kuisafisha mifereji yake kila Novemba.